Kuwatafuta Watu wa Mama Ng'ambo ya Luama

Siku watu wa mume wangu walipokuja kuniposa, mzee wao alikunywa maji aliyopewa, akafuta mdomo, akauliza kwa heshima: "Wajomba wa binti wako wapi? Tuwasalimie wao kwanza."

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alisema kwamba upande wa mama wangekaa watu wa baba wenyewe.

"Wajomba walikufa?" mzee akauliza.

"Hatuwajui," akajibu baba mkubwa.

Kijijini kwetu, njia ya kutoka Kasongo kwenda Nyangwe, mjomba ndiye anayekushika kichwa na kukuombea siku unapoondoka kwenu, na akikasirika yeye, watu husema tumbo lako litakuwa gumu kushika mimba. Wageni walitazamana. Mwishowe mzee wao alisema kwamba wanamjua baba yangu, wanalijua shamba lake, na hilo lingetosha. Mazungumzo yakaendelea.

Mama alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo, na alisikia kila neno. Wageni walipoondoka nilimkuta anatwanga mpunga ambao haukuhitajika siku ile. Aliendelea kutwanga huku akizungumza.

"Wewe ulisoma kwa masere. Makaratasi ya bulamatari unaweza kuyasoma?"

Masere ni watawa wa misheni walionifundisha. Bulamatari ni jina tulilowaita Wabelgiji na serikali yao. Nikamwambia naweza, yakiandikwa vizuri.

"Basi tutaenda teritwari. Kila wanapokuja kuhesabu watu wananiandika. Mutu hawezi kuandikwa namna hii maisha yake yote, na hakuna anayejua walimutoa wapi."

Miaka michache ilikuwa imebaki kabla ya uhuru, ingawa hatukujua. Mama alikuwa mke wa mkulima kama wake wote wa kijiji: alilima mpunga na mihogo kwa ajili yetu, na pamba kwa sababu kila nyumba ililazimishwa kuilima. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Habari za utoto wake nilikuwa nimezisikia vipande vipande, na siku zile nilizikusanya pamoja kwa mara ya kwanza.

Alikumbuka kutembea safari ndefu na mama yake. Alikumbuka mto mkubwa waliouvuka kwa mtumbwi, na mama yake akisinzia ndani ya mtumbwi chakula kikiwa bado mdomoni. Kisha walifika mahali penye nyumba ndefu na ua, ambapo watu wengi walilala mchana kutwa. Ilikuwa lazareti ya Kasongo, kambi walikowekwa wagonjwa wa malale kutoka nchi yote. Mama yake hakutoka humo. Yeye alitolewa na mwanamke Mwislamu wa mjini, muuza vitumbua, aliyekuwa amelazwa humo humo akapona. Mwanamke huyo alimlea, akampa jina jingine. Alipokua aliolewa na baba, ambaye ni Mkristo, na padiri akampa jina la tatu. Lakini lile la kwanza, aliloitwa na mama yake, hakulisahau. Aliniambia siku ile kwenye kinu. Sitaliandika hapa, ni lao.

Kwanza tulikwenda kwa yule bibi aliyemlea. Alikuwa mzee sana, anaishi nyuma ya msikiti katika nyumba ya watoto wa dada yake. Mama hakutaka kutafuta chochote bila ruhusa yake. Alipiga magoti, akamweleza.

Bibi aliiweka mikono juu ya mapaja.

"Nilikukataza lini, mwanangu?"

"Hukunikataza, mama. Ndiyo sababu sikuuliza."

"Mimi nilijua siku hii itafika. Mama yako aliniambia mara nyingi, kila akiamka: sisi ni watu wa ng'ambo ya mto Luama, nyuma ya mji wa Wamaza. Alisema nikipona nikupeleke. Nilipopona, njia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ule ugonjwa. Ilipofunguliwa, ulikuwa umeishaanza kuniita mama." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikukuficha. Nilinyamaza tu."

Mama aliishika mikono ya bibi. Tulipoondoka, bibi alitufuata mpaka mlangoni akishika ukuta, akatuombea safari njema kabla hatujaamua hata kusafiri.

Ofisini teritwari, yaani makao ya wilaya, karani alikuwa kijana wa Kasongo, amevaa shati lililopigwa pasi. Watu walipanga mstari nje tangu jua lilipochomoza. Zamu yetu ilipofika mama alimwambia anataka kusomewa fishi yake, ile kadi ya sensa yenye jina la kila mtu.

"Mwanamuke hana fishi ya peke yake," karani alisema. "Iko kwa fishi ya bwana wake."

Hata hivyo aliitafuta. Kwenye kadi ya baba, chini ya jina lake, mama aliandikwa kwa jina la padiri. Palipotakiwa jina la baba yake pameandikwa kwa Kifaransa: hajulikani. Penye kabila vilevile. Nilimsomea mama kwa sauti ndogo, lakini watu wa nyuma yetu walisikia. Mstari wa mwisho ulisema alikotoka kabla ya ndoa: mjini Kasongo, nyumba ya fulani, yaani bibi yetu. Karani akaitoa kadi ya bibi. Humo mama alikuwa mtoto, kwa jina la Kiislamu, na pembeni maneno mawili tu: toka lazareti.

"Hapa inaisha," karani akasema.

"Lazareti haikuwa na vitabu?" nikauliza.

"Ilikuwa navyo. Iko kwa muganga, kama mchwa hawajavila."

Muganga, muuguzi mzee wa hospitali, alitupokea vizuri, lakini alikataa kutuachia makaratasi mikononi. Alisema wengi walioandikwa mle walikwisha kufa, na si vizuri walio hai kuwachokoza. Mama alimwambia jina la mama yake. Alimwambia pia: ng'ambo ya Luama, nyuma ya Wamaza. Yule mzee alivaa miwani akaanza kufungua kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Mchwa walikuwa wamekula pembe zote, lakini katikati palisomeka. Kila mgonjwa aliandikwa pamoja na kijiji chake na sultani wake, yaani chifu wa kwao, ili huko nyumbani watu wake wasidaiwe kodi ya mtu asiyekuwepo. Mwishowe akaweka kidole.

Alikuwepo. Jina lake, kijiji, jina la mume. Halafu: anaye mtoto mmoja wa kike.

"Ni mimi," mama akasema. Hakulia. Alimwomba mzee ayasome tena, na tena, mpaka akajua kwa moyo jina la baba yake.

Kutoka teritwari moja kwenda nyingine ilibidi kuwa na karatasi ya njia. Yetu ilitolewa baada ya kurudi pale ofisini mara nyingi. Baba hakutuzuia. Alisema, "Nendeni. Ndege wa mpunga nitawafukuza mwenyewe," na kwa mwanaume wa kijiji chetu kazi hiyo ya watoto na wanawake haikuwa ahadi ndogo. Tulipanda juu ya magunia ya pamba katika kamiyo, yaani lori, iliyokuwa inakwenda Kabambare. Kwenye kivuko cha Luama mama alishuka, akasimama ukingoni akitazama maji. Alinawa uso, akarudi kwenye magunia.

Kutoka Kabambare tulitembea kwa miguu kuelekea Wamaza. Ofisi ya sultani ilikuwa nyumba ya matofali yenye meza moja na karani mmoja, mtu mwenye umri wa mama. Alizisoma karatasi zetu polepole, akaingia chumba cha ndani, akarudi na kitabu cha zamani. Alipofungua ukurasa wa kile kijiji, alisita, akanitazama mimi badala ya mama.

"Unajua kusoma? Basi soma mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia mutu mambo kama haya."

Nilisoma. Baba: jina lile lile tulilolipata lazareti. Mke: amekatwa kwa mstari, amekufa, lazareti ya Kasongo. Binti wa kwanza. Binti wa pili, jina lile aliloniambia mama kwenye kinu. Nalo limekatwa kwa mstari, kwa mkono ule ule, wino ule ule. Amekufa.

"Wanasema nini?" mama akauliza.

Nilimwambia. Sikujua namna nyingine.

Mama aliketi kwenye kigogo cha mlangoni. Baada ya muda karani alieleza, kwa upole, kwamba karani wa wakati ule alipopata habari ya kifo cha yule mke, lazima alidhani mtoto hawezi kubaki hai peke yake mahali kama pale. Akawakata wote wawili siku moja. Kisha kapita, msimamizi wa kijiji, akapelekewa habari, naye akampelekea baba yake mama.

"Baba yangu iko?" mama akauliza.

Karani aligeuza kurasa mpaka kitabu kipya. "Huyu naye alikufa. Siyo zamani sana." Halafu akasema, "Lakini huyu binti wa kwanza iko. Aliolewa pale pale."

Kijijini kule kapita wa sasa ndiye aliyetusindikiza. Tulimkuta mama mkubwa, dada yake mama, ameketi mbele ya nyumba anachagua karanga za mbegu kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba kuliko mama. Kapita alieleza kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Mama alishika maneno machache tu, kwa maana lugha ile ilikuwa imemtoka. Nilimwona mama mkubwa akitikisa kichwa, mikono ikiendelea kuchagua.

Kisha akasema kwa Kiswahili, akimtazama mama: "Mutu mwenye jina hilo nilimulilia. Nilinyolewa nywele kwa ajili yake. Mwenye jina hilo leo ni yule pale."

Alimwonyesha mwanamke kijana aliyesimama karibu na ghala na mtoto mgongoni. Alikuwa binti yake mwenyewe, aliyepewa jina la marehemu. Yule binti alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Dada," mama akasema, "siku tulipoondoka ulitukimbilia mpaka kwenye kijito. Ulinipa muhindi wa kuchoma. Ulikuwa umeishaukula nusu."

Ungo ulianguka kutoka mapajani mwa mama mkubwa, karanga zikamwagika. Aliukazia uso wa mama macho kama mtu anayetafuta kitu ndani ya maji.

"Baba alinipiga kwa sababu ya muhindi ule," akasema. "Ulikuwa wa mbegu."

Hakuinuka kumkumbatia. Wala mama hakumsogelea. Nilikuwa msichana wakati ule, nilidhani watu waliopotezana hukimbiliana. Nilijifunza kwamba kuna furaha inayotanguliwa na hofu. Kapita aliita wazee wa ukoo, wakaketi, na hakuna aliyejua la kufanya. Kulikuwa na desturi ya kumzika mtu, na desturi ya kumaliza matanga. Ya kumpokea mtu aliyekwisha kuliliwa hawakuwahi kuisikia. Mmoja wao alisema wazi kwamba turudishwe tulikotoka, kwa sababu aliyezikwa akirudi huja kuwachukua wengine. Binti mwenye jina la mama alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amemkumbata kifuani. Mama alimwona, akainamisha macho chini.

Mama mkubwa aliwasikiliza wote. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji.

"Muko watu wengi hapa," akawaambia wazee, "lakini aliyelia ni mimi. Kama kuna ubaya ndani yake, utaanza na mimi."

Alimpa mama anywe. Mama alikunywa, maji yakamchuruzika shingoni. Mama mkubwa akachukua kile kibuyu, akanywa yaliyobaki yote, mbele ya macho yao. Halafu alikaa chini karibu na mama, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipoanza kulia. Walilia pamoja. Wanawake wengine wakaja, na mmoja baada ya mwingine wakatoa sauti. Kwa mbali mtu angedhani kumetokea msiba.

Tulikaa kwao mpaka karatasi yetu ya njia ilipokaribia kwisha. Katika siku hizo mama mkubwa alitueleza habari za baba yao. Alipopelekewa habari hakuiamini. Alitembea mpaka Luama, akataka kuvuka awaone kwa macho yake, akazuiwa kivukoni kwa kuwa alitoka nchi ya wagonjwa. Alilala ukingoni siku nyingi akiwasihi, akarudi. Alizika mkeka wa mkewe. Kwa mtoto hakuwa na kitu cha kuzika, maana nguo yake moja alikuwa ameondoka nayo. Alizika chungu kidogo alichokuwa akichezea mtoto.

Makaburi yalikuwa nyuma ya migomba: la baba yao, na yale mengine mawili, moja kubwa, moja dogo. Mama mkubwa alituonyesha kisha akasimama mbali. Mama alilitazama lile dogo. Majani yalikuwa yameota. Alipiga magoti akaanza kuyang'oa kwa mikono, kama anavyopalilia karanga, akiyaweka kwenye rundo pembeni. Nilitaka kumsaidia, akanizuia. Alipomaliza alisafisha na lile la baba.

"Alinifanyia kazi kubwa," akasema.

Tuliporudi kwa karani wa sultani kuaga, nilimwuliza kama angeweza kuufuta ule mstari. Alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwema. Alisema kwamba kumrudisha mtu uhai kwenye kitabu ni kazi ya Mbelgiji mwenyewe anapopita kuhesabu. Akiwa hai huku itabidi apewe karatasi ya kuhamia Kasongo. Na Kasongo watauliza imekuwaje, maana yule aliyeko Kasongo hakutoka popote.

"Acha," mama akasema. "Baba alizika. Tusimusumbue."

Lakini alimwomba jambo moja: amwandikie, kwenye kipande cha karatasi chenye muhuri wa sultani, jina la baba yake na kabila lake. Kwa karatasi ile, karani wa Kasongo alifuta lile neno hajulikani mahali pote pawili kwenye fishi ya baba yangu, akaandika badala yake Mubangubangu, na jina la baba yake mama. Mama hakujua kusoma, ila alimwomba amwonyeshe ni wapi, akaweka kidole hapo kwa muda.

Kabla ya kurudi kijijini tulipita kwa bibi nyuma ya msikiti. Alikuwa akitungoja, nadhani hakuwa amelala vizuri tangu tuondoke.

"Walikupokea?"

"Walinipokea, mama."

"Utarudi kwao?"

"Nina mpunga shambani," mama akasema, "na wewe uko hapa."

Niliolewa baada ya mavuno. Kijana wa kwanza wa mama mkubwa alikuja, akakaa upande wa wajomba, maana mama hakuwa na kaka, na kwa kuwa alikuwa kijana na hakuizoea kazi hiyo, alisahau maneno ya kuniombea katikati. Watu walimngoja mpaka akayakumbuka. Mama mkubwa alikuja naye. Baada ya harusi alisema hawezi kuondoka Kasongo bila kuona alipolala mama yao.

Lazareti ilikuwa imefungwa kitambo. Zile nyumba ndefu zilibomolewa, na wauguzi wamepanda mihogo kwenye uwanja wake. Muganga mzee alitupeleka mpaka kwenye mteremko nyuma ya mihogo, akasema ni huko, lakini hakuna anayejua nani yuko wapi. Walizikwa wengi, haraka, na miti iliyowekwa alama ilioza. Akatuacha.

Wale ndugu wawili walisimama bega kwa bega. Mama mkubwa akaanza kuongea kwa Kibangubangu, si kwa kilio, ila kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu aliyefika jioni na kukaribishwa kiti. Aliongea kwa muda mrefu. Mara nyingine alinyoosha mkono upande wa Luama, mara nyingine akanielekezea mimi kidole. Mama alisikiliza, ameinamisha kichwa, akidaka neno hapa na neno pale.

Dada yake aliponyamaza, mama aliuliza, "Umemwambia nini?"

"Habari za nyumbani. Nani alizaa, nani alikufa, nani alihama. Baba namna alivyozeeka." Akavuta kitenge chake begani. "Sasa sema na wewe. Ya huku siyajui mimi."

"Kibangubangu kimenitoka, dada."

"Sema na kile ulicho nacho. Yeye atasikia."

Mama alikohoa kidogo, akaanza kwa Kiswahili, na kwanza kabisa akamweleza mama yake juu ya yule muuza vitumbua.